Asubuhi Kompyuta ya Kibera Ilipoamka Mwaka 1901

Nyinyi vijana wa Kawangware mnaoniita Shosho wa Kompyuta, kaeni hapa kidogo. Najua mnanicheka. Mkiniona napita na kikapu cha sukuma wiki mnanong'onezana kwamba yule mama alikuwa akiandika programu kabla nyinyi hamjazaliwa, na mmoja wenu, jina namsitiri, aliwahi kuniuliza kama zamani tuliwasha kompyuta kwa kuni. Haya, cheka, ukimaliza usikilize. Mimi Nekesa, nikiwa na miaka hamsini na minane, na presha, na magoti yanayoniuma kila mvua ikikaribia, nimesoma kwenye skrini niliyoiwasha kwa mkono wangu kwamba sijazaliwa.

Nilitunza kompyuta za kliniki ndogo ndogo kwa karibu miaka thelathini. Hazikuwa za kupendeza kama zenu. Yalikuwa makasha meusi, ukubwa wa redio ya jikoni, yaliyokaa juu ya kabati la dawa na kuendesha skrini moja na printa moja. Ndani mlikuwa na mfumo endeshi tulioubana mpaka ukaenea humo, na sehemu yangu ilikuwa ile isiyoonwa na mtu, sehemu inayojua ni saa ngapi. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayekushukuru. Ikikosea, watu hawalaumu saa, wanalaumu printa.

Mambo ya saa sikufundishwa na chuo. Nilifundishwa na Mzee Andabwa, fundi wa saa aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko hapa Kawangware, enzi ambazo mtu aliyevaa saa ya mkononi alisalimiwa mara mbili. Nilikuwa binti wa sekondari, nikimsaidia wakati wa likizo. Ukimletea saa yenye tarehe, aliirekebisha, kisha akaizungusha mbele hadi tarehe thelathini na moja ili aone kama inavuka mwezi bila kukwama. Akishaizungusha hakuiacha ikitazama juu. Aliilaza kifudifudi juu ya kitambaa cha buluu, na hapo ilikaa mpaka aje airudishe siku ya leo.

"Ya majaribio inalala uso chini," alikuwa akiniambia. "Isisomwe na mtu."

Nilidhani ni ushirikina wa kizee. Basi siku moja alipoenda msalani nikaichukua saa iliyolala hivyo, nikaifuta vumbi, nikaiweka dirishani na nyingine. Mwenyewe, mama mmoja wa kwaya, alikuja akaichukua nikiwa peke yangu. Yule mama alifika kanisani siku ya Jumamosi, kwa tarehe ya saa ile akidhani ni Jumapili, akiwa amevaa sare ya kwaya, na vitambaa vya kichwani vya wenzake kumi na wawili kwenye mfuko, akakaa kwenye benchi masaa mawili akiwangoja wenzake. Aliporudi kutugombeza sisi vijana tulikufa kwa kicheko, lakini yeye hakucheka. Alisema alipokaa peke yake mle ndani alianza kuamini kwamba wengine wote wamechukuliwa mbinguni na yeye ameachwa. Mzee Andabwa akanitazama tu. Hakunipiga, hakunikaripia, na mpaka leo ningependa angenikaripia, pengine ningeshika vizuri zaidi.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kompyuta haijui Jumanne wala Desemba. Inahesabu sekunde tu, tangu mwanzo wa mwaka 1970, moja baada ya nyingine bila kupumzika, halafu kutoka kwenye hesabu hiyo inakutengenezea tarehe. Waliotutangulia waliitengea hesabu hiyo biti thelathini na mbili, yaani visanduku vya sufuri au moja, na moja kati ya hizo ni ya kuonyesha kama namba iko juu ya sufuri au chini yake. Nafasi hiyo si kubwa. Itajaa Januari 19, mwaka 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi, kwa saa za hapa Nairobi. Sekunde inayofuata, namba inageuka kuwa chini ya sufuri, na kompyuta ambayo haikuandaliwa, bila kulia wala kuzimika, inaamini kwamba iko Ijumaa, Desemba 13, mwaka 1901.

Hebu wazieni Kibera mwaka huo. Reli ilikuwa mpya, na Kibera ilikuwa msitu. Hakukuwa na mtaa wa Kisumu Ndogo, hakukuwa na mtaa wa Raila, hakukuwa na ghorofa za Nyayo Highrise za kutupa kivuli. Kompyuta iliyovuka pale inakaa juu ya kabati la dawa lakini akili yake iko porini, na kila mtu inayemjua bado hajaja duniani.

Kwenye programu ya kliniki kulikuwa na neno nililoliandika mimi mwenyewe. Makarani walikuwa wakikosea, wanaandika mtoto amezaliwa mwaka ujao, basi nikaiambia programu kwamba tarehe ya kuzaliwa ikiwa mbele ya leo, iandike "Hajazaliwa" kando ya jina, ili karani aone aibu arekebishe. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Kosa langu lenyewe sikulifanya siku moja. Nililifanya kidogo kidogo, na kila kipande kilikuwa na sababu nzuri. Kasha la Kibera lilikuwa na betri ndogo ya kushika saa umeme ukipotea, na betri hiyo ilikuwa imekufa. Kila stima ikienda na kurudi, kasha liliamka likidhani ni mwaka 1970. Kwa kawaida mfumo ukiambiwa saa iliyo mbali sana na ile unayoijua, unakataa, unashuku kwamba unadanganywa. Nikauondolea shaka hiyo. Nikauambia ukiamka, uulize saa kwenye kasha la karakana yangu hapa Kawangware, na chochote utakachojibiwa, uamini. Badala ya kununua betri niliondoa shaka. Mkiwa na kalamu, andikeni hapo.

Desemba moja nikaamua kujaribu itakuwaje mwaka 2038. Tulikuwa tumeanza kuyaandaa makasha yetu, na mimi sipendi kuambiwa, napenda kuona. Kasha la karakana lilikuwa pacha wa lile la Kibera, vipande vile vile, mfumo ule ule. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limeshatoka, redio ya jirani inatangaza vifo na salamu. Nikaliwekea pacha saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili za asubuhi ile ya 2038, nikakaa kulitazama kama mtu anayengoja maziwa yachemke. Sekunde ya saba ikapita. Skrini haikuruka, haikuzima. Ilisema tu 1901. Nikatikisa kichwa, nikaandika kwenye daftari langu, nikatoka kwenda kunywa chai na mandazi kwa Mama Brayo.

Waya wa mtandao niliuacha umechomekwa. Kasha niliacha linatazama juu.

Nilipokuwa kwenye andazi la pili simu ikalia. Alikuwa Conso, mhudumu wa afya wa jamii wa Kisumu Ndogo. Conso alikuwa mtu wa miguu. Kila asubuhi kasha lilimtolea orodha ya nyumba za kutembelea, watoto wa kupimwa uzito, wagonjwa wa dawa za kila siku, na yeye alizimaliza zote kabla ya jua kali, akiruka mitaro kama msichana. Orodha yake haikupungua majina thelathini.

"Fundi, niaje. Stima ilikuwa imeenda, sasa imerudi. Lakini orodha imetoka na jina moja tu."

"Jina gani?"

"Awino."

"Awino yupi?"

"Awino wetu, Fundi. Perpetua. Yule tulimsindikiza hadi Siaya tukazika." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea mtoto amelala karibu. "Karatasi inasema ni mtoto. Mwaka moja na miezi kumi na moja. Hajawahi kupimwa kilo. Atembelewe leo."

Sikumaliza chai. Nilirudi karakana karibu kukimbia, simu sikioni, nikalikuta kasha langu linang'aa mezani, limekaa linatazama juu na tarehe yake ya msituni, na ule waya umechomeka. Nilielewa yote mara moja. Kasha la Kibera liliamka na betri yake mfu, likauliza saa, na langu likalijibu.

Na Awino pia nilimwelewa. Perpetua Awino alikuwa mzee wa rika la Mungu mwenyewe, mwenye kitambulisho kilichofutika na asiyejua alizaliwa lini. Yeye alisema tu ulikuwa mwaka wa njaa, ukimuuliza njaa ipi anakucheka. Fomu ilikataa nafasi tupu, basi karani akamwandikia Januari mosi 1900, kama walivyowaandikia wazee wote wa aina hiyo. Wengine walipofariki rekodi zao zilifungwa. Ya Awino haikufungwa. Kwa hiyo kasha lilipojikuta katika Desemba ya 1901, likatazama watu wake wote wa Kisumu Ndogo, maelfu, likaona bado hawajazaliwa, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa mtoto ambaye hajafika miaka miwili. Likafanya kazi yake. Likamwita apimwe.

"Conso," nikamwambia, "usiende popote. Hiyo karatasi si ya kweli. Ni mimi nimekosea."

"Sawa, umekosea. Lakini mimi naenda."

"Unaenda kupima maiti kilo?"

"Fundi, ni nani alinifundisha hii kazi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Awino ndiye aliyekuwa mhudumu wa nyumba zile kabla ya Conso. Ndiye aliyemshika mkono mwaka wake wa kwanza akamwonyesha mlango gani una mbwa na mlango gani una mume mkali. Na sheria yake ilikuwa moja tu, hata sisi mafundi alitutesa nayo: jina likiwa kwenye karatasi, mlango ubishwe. Usiseme huyo amehama, usiseme huyo nilimwona jana. Nenda ubishe.

"Na rekodi yake mbona hukuifunga?" nikamuuliza.

"Sikuweza," akasema Conso. "Nilikuwa nafungua hiyo ukurasa, naangalia jina, nafunga kompyuta. Nilisema nitafanya kesho." Akakata simu.

Nilichomoa waya, nikapanda bodaboda hadi Kibera. Kliniki ilikuwa tulivu kupita kawaida. Muuguzi alikuwa chumba cha ndani na mama mjamzito, na kwenye benchi hakukuwa na mtu. Nilikaa mbele ya kile kikasha ili nikirudishe siku yake, lakini kwanza nikafungua daftari la watu. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu sipendi kuambiwa, napenda kuona.

Hajazaliwa. Hajazaliwa. Hajazaliwa. Nilishuka ukurasa baada ya ukurasa. Majirani, wauza omena, mchungaji, watoto wa shule ya pale chini, wote na neno langu la ujanja kando ya majina yao. Conso hajazaliwa. Nikatafuta jina langu, kwa sababu presha yangu nilipimiwa pale. Hajazaliwa. Nje watu walikuwa wakipita, nawasikia sauti, nasikia viatu kwenye matope, na mle ndani kitu pekee kilichokuwa na hesabu ya watu wote hao kilisema hakuna mtu. Niliogopa, vijana. Mimi niliyeandika neno lile kwa vidole hivi niliogopa hadi nikageuza shingo kutazama mlango kama uko.

Hapo ndipo Conso aliingia mbio, amebeba mtoto kwenye leso, na nyuma yake msichana mwembamba anayelia bila sauti.

"Fundi, barua ya hospitali! Haraka!"

Mtoto alikuwa wa kike. Mikono na miguu yake ilikuwa imevimba kama mandazi, macho ya njano, midomo haina damu. Hakulia. Alinitazama tu, na kupumua kwake kulikuwa kwa haraka na kwa juu juu.

Hospitali kubwa haikupokea mtu bila barua ya kliniki, na barua haikutoka bila jina kuingizwa. Nikaweka vidole tayari. "Jina la mtoto?"

Yule msichana, baadaye nilimjua kwa jina la Lilian, mke wa mjukuu wa marehemu, alisema, "Perpetua Awino."

Nikainua macho.

"Ni wa nyanya," akasema. "Alizaliwa baada ya mazishi. Tulimpa jina ingine akakataa, analia tu usiku na mchana, hanyonyi. Tukamwita Awino, akanyamaza. Sisi humuita Dani, yaani nyanya."

Mimi ni Mbukusu na sihitaji kuelezwa. Kwetu pia, kama kwa Wajaluo, mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na wapo watoto wanaolia mpaka litajwe lililo lao. Nikaandika. Kasha likanijibu kwamba mtu huyo linaye tayari, wa nyumba ile ile, mwaka mmoja na miezi kumi na moja.

"Ana umri gani?" nikauliza.

"Mwezi ujao anafika miwili."

Sikuwa na muda wa kusimama hapo kushangaa, wala wa kurudisha saa. Nikaingiza ziara ile kwenye rekodi ya nyanya. Printa ikakohoa ikatoa barua. Juu yake iliandikwa Desemba 14, 1901, kwani kule msituni saa sita ya usiku ilikuwa imeshapita. Tukapata gari, tukafika, na karani wa mapokezi akaishika ile barua akaigeuza geuza.

"Madam, hii tarehe..."

"Andika mtoto kwanza," Conso akamwambia, "tarehe utagombana nayo baadaye."

Ilikuwa selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao watu wa ziwa wanaujua sana, na damu yake ilikuwa imejikusanya kwenye bandama ikamwacha mtupu. Wakamwongeza damu. Daktari, kijana mpole, alitoka akafuta miwani, akasema mngengoja mpaka kesho mngerudi hapa kuomba barua ya aina nyingine. Lilian aliketi chini pale pale kwenye sakafu.

Alitueleza baadaye kwamba hakuwahi kuja kliniki. Alikuwa amehamia nyumba ya nyanya kutoka Siaya miezi michache tu iliyopita, hakuandikishwa popote, hakumjua mtu. Mikono ya mtoto ilipovimba wenyeji walimwambia ni jina, kwamba nyanya anadai kitu, asubiri wazee waje kutoka nyumbani. Alikuwa anasubiri. Asubuhi ile mtoto aliyelia siku tatu alinyamaza ghafla, akawa anatazama mlango. Ndipo mlango ukabishwa na mwanamke ameshika karatasi yenye jina lake.

Mtoto aliyeishiwa nguvu hunyamaza, nikamwambia Conso tulipokuwa tunarudi. Hiyo ni dalili, haina siri. Nami nilikuwa na majibu ya kila kitu.

"Sawa," akasema Conso. Tulikuwa tunatembea kando ya reli, mchana mkali. "Wewe ndio fundi. Kama ni kosa, kosa lilijuaje nyumba?"

"Nyumba ilikuwa kwenye rekodi ya marehemu. Wamehamia hapo hapo."

"Na umri?"

"Yeyote aliyeandikwa 1900 angekuwa na umri huo siku hiyo."

"Na siku hiyo, ni nani aliichagua?"

"Mimi. Nilikuwa na nafasi."

Akatembea hatua kadhaa. "Kila jibu unalo, Fundi. Mimi nauliza tu mbona yote yamekuwa ya mtu mmoja."

Nilichojua kwa hakika ni kwamba majina thelathini na kitu hayakubishiwa mlango asubuhi ile kwa sababu yangu, na nilipolirudishia kasha siku yake Conso aliyazunguka yote mchana ule ule, miguu ikimtoka damu kwenye kisigino, na kwa bahati aliwakuta wote salama. Watu walianza kunisifu, kompyuta ya Fundi imeona mtoto anakufa. Iliniudhi sana. Nilikuwa nimeharibu, na sifa ni mbaya kuliko matusi kwa mtu aliyeharibu, kwa maana inakulaza usingizi.

Basi nikaitengeneza kazi ile kwa hasira. Kupanua hesabu kutoka biti thelathini na mbili hadi sitini na nne ni kazi nyepesi kwenye kiini cha mfumo, na wengi huishia hapo, wanapiga makofi. Msiishie hapo. Muda unajificha. Ulikuwa umejificha kwenye mafaili ya zamani yaliyohifadhi tarehe kwa kipimo kile kifupi, na kwenye programu ya printa, na kwenye mahali pamoja ambapo mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, niliuweka kwenye namba fupi ya kawaida kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda harusini. Tafuteni kila mahali sekunde zinapopita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Jaribuni tarehe za mbele zinazokokotolewa leo, msingoje siku yenyewe. Tarehe ya kuzaliwa isiyojulikana ibaki tupu, isijazwe 1900 na mtu yeyote. Rudisheni shaka kwenye mfumo, ukatae saa ya ajabu. Betri nunueni. Na kasha la majaribio lichomoeni waya, halafu skrini yake ilazeni uso chini. Wenzangu walinicheka kwa hilo la mwisho, lakini nilinunua kitambaa cha buluu.

Ilibaki kutenganisha nyanya na kitukuu wake. Nilienda kliniki siku Lilian alipomleta mtoto kuchukua dawa. Nikafungua rekodi mpya ya Dani, tarehe yake ya kweli. Kisha nikafungua ile ya zamani ili niifunge, na Lilian akaona jina.

"Usimtoe," akasema.

"Huyu ni marehemu, mama."

"Najua. Lakini ukimtoa, nani atatuambia?"

Conso ndiye aliyevuta kiti. Alinisogeza pembeni, akaweka kidole chake juu ya kile kitufe alichoshindwa kukibonyeza siku zote zile. "Mimi nitakuja," akamwambia Lilian. "Kila wiki. Karatasi iseme, isiseme." Akabonyeza, halafu akalia, na mimi pia, na muuguzi akatufungia mlango wagonjwa wasituone. Ile ziara ya Desemba 14, 1901 sikuifuta. Imo humo ndani mpaka leo, ziara ya kwanza ya afya kufanywa katika ule msitu.

Jambo la mwisho nililofanya kabla ya kustaafu ni kurudia jaribio. Nilinakili daftari lote la Kibera kwenye pacha, nikachomoa waya, nikauvuta mara mbili kuhakikisha, nikaweka saa ile ile. Conso alikuwa ameketi nami. Sekunde ya saba ikaja. Ikaja ya nane. Skrini ikasema Januari 19, 2038, kama tulivyotaka, na printa ikaanza kutoa orodha ya siku hiyo, jina baada ya jina, wote wamezaliwa, wote na umri wao wa mbele.

Conso alikuwa akiipitisha karatasi mikononi. Akasimama katikati.

"Fundi."

Lilikuwa jina lake. Perpetua Awino, miaka kumi na sita, dawa ya kila siku, atembelewe leo.

Tulikaa tukilitazama. Daktari hakuwahi kutuahidi kumi na sita. Watoto wa selimundu, alituambia, tunahesabu mwezi kwa mwezi. Dani leo anacheza, ana kelele kama mama mwenye duka, na bado kila baridi ikiingia Lilian hulala na kiganja juu ya tumbo lake kupima bandama. Kasha halijui kama atafika siku ile. Halijui kitu. Linajua tu kuhesabu, na kwamba akifika, kuna mtu anapaswa kwenda kwake.

Mimi magoti yangu hayatafika, na Conso naye anazeeka. Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaonicheka. Asubuhi ile, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, awepo mmoja wenu mbele ya kasha la Kibera. Likivuka vizuri, msishangilie. Chukueni karatasi, tafuteni jina lake, mvae viatu, mwende Kisumu Ndogo mkabishe mlango. Na kama jina halimo, nendeni vile vile mkabishe.